MOTOKAA IKIPEWA KIWANJA CHOTE, MTU ASIMAME WAPI?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na mwanachama wa kazi ya njia. Yamechapwa hapa kwa kuwa wale waliokuwa zamu siku ile wameyaomba.)



Katibu ameniagiza niseme habari ya lile tangazo lililobandikwa kwenye ua wa kiwanja cha njia panda, tunapopita sote tukienda kazini. Nimesikia wengine huko nyuma wakinong'ona ya kwamba chama ni cha mishahara na saa za kazi, si cha miti. Nawasihi mnisikilize kwanza, kisha mtapima wenyewe. Mshahara ni jambo la kwanza, sikatai. Lakini mshahara ukishapokewa huenda wapi? Huenda dukani. Dukani twaenda kwa miguu, na katika bei tunayolipa imetiwa gharama ya kiwanja cha duka. Basi kanuni ya kiwanja cha duka ni habari ya mshahara, ila haikuandikwa katika karatasi ya mshahara.

Tangazo linasema ya kuwa mwenye kiwanja anaomba ruhusa kukibadili, kitoke katika matumizi ya makao kiwe cha biashara, ajenge duka kubwa. Mwenye neno la kupinga aandike katika siku 14. Watatu wetu tulikwenda ofisi ya mipango kutazama mchoro, maana ni haki ya raiya kuutazama. Karani alitupokea kwa adabu akatukunjulia karatasi mezani. Kiwanja ni kiasi cha ekari moja. Nyuma kabisa pana duka la futi za mraba 20,000, lisilo na ghorofa. Mbele yote, tangu mlango wa duka mpaka barabarani, ni lami ya kuegesha motokaa 80. Ile mijakaranda mikubwa iliyo ukingoni haimo katika mchoro. Mahali pake pana mstari mwembamba uliopakwa rangi ya kijani, upana wake hatua moja ya mtu mzima, nao umeandikwa "bustani". Njia ya mtu wa miguu hakuna. Mama atokaye barabarani na mtoto mgongoni atapita katikati ya motokaa zinazorudi kinyumenyume.

Mnajua ni nani walio chini ya miti ile. Wako akina mama wauzao uji na chapati kwa watu wa zamu ya alfajiri. Yuko fundi wa baiskeli, wako vijana wa bodaboda, na wako wote wangojao matatu. Jua la saa saba likiwaka, pale ndipo kituo chetu, ingawa hapana bati hata moja wala benchi.

Tulimwuliza karani: kwa nini nafasi 80, si 50 wala 30? Akatueleza ya kuwa nafasi huhesabiwa kwa ukubwa wa sakafu, na kwamba aliyechora alichukua nafasi nne kwa kila futi za mraba 1,000. Kipimo hicho kimetumika sana kwa maduka katika nchi za ng'ambo. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Motokaa ikisimama haitaki mahali pa magurudumu yake tu, yataka na njia ya kuingilia na ya kugeukia. Wajenzi hukadiria futi za mraba 300 au zaidi kwa kila moja. Nafasi 80 mara 300 ni 24,000. Ongeza duka, 20,000. Jumla ni 44,000. Na ekari nzima ni futi za mraba 43,560. Kiwanja kimekwisha, tena kimepungua, kabla hujapanda hata mche mmoja! Mchoraji amebana huku na huku ndipo akaupata ule mstari wake wa kijani.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa akasema anachukia miti. Miti imekatwa na hesabu. Na katika hesabu hiyo motokaa zimepewa ardhi nyingi kuliko watu na bidhaa zote zitakazokuwa ndani ya duka.

Kipimo hiki kimetoka wapi? Hakikuandikwa katika Biblia wala katika Kurani. Kilianza Marekani. Mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, mwaka 1923 uliweka kanuni ya kwamba mwenye kujenga nyumba za kupangisha atoe na mahali pa motokaa. Mji wa Fresno kule California ukaweka yake mwaka 1939, kwa mahoteli na mahospitali. Baada ya Vita Kuu ya Pili kanuni za namna hiyo zikaenea katika miji mingi sana, zikaingia katika maduka, maofisi, hata makanisa. Nia ilikuwa njema. Barabara zilikuwa zimeziba, wakaona afadhali kila mwenye jengo abebe mzigo wa motokaa za wageni wake.

Alikuwako mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, jina lake Donald Shoup, aliyefariki mwaka 2025. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinene sana juu ya jambo hili moja tu la kuegesha motokaa. Aliuliza kama tulivyomwuliza karani: idadi hizi mmezipata wapi? Akaona ya kuwa nyingi zilitoka katika hesabu za mahali pachache, nje ya mji, ambapo kuegesha ni bure na basi halifiki, tena hesabu yenyewe ilichukuliwa saa ile motokaa zilipokuwa nyingi kuliko saa zote. Kisha mji mmoja ukanakili mji mwingine, kama mtoto wa shule anayechungulia daftari la jirani.

Sisi wa reli tunaujua ugonjwa huu. Tuseme mkubwa mmoja aamuru kila kituo kidogo kiwe na njia za pembeni za kutosha kuweka mabehewa yote ya mkesha wa Krismasi. Kila kituo! Mtataka chuma, mataruma, kokoto, na gengi la kupalilia mwaka mzima, kwa ajili ya siku moja. Behewa likisimama halileti pato, na njia ya kulisimamishia nayo hailetei mtu pato. Ndiyo sababu reli huwa na yadi moja kubwa inayotumikia vituo vingi. Katika maduka haifanyiki hivyo. Duka lina lami yake, kanisa la jirani lina yake, shule ina yake. Jumapili ya kanisa imejaa na ya shule ni tupu, Jumatatu ya shule imejaa na ya kanisa ni tupu, na ua umesimama katikati.

Sasa nani alipaye? Mwenye motokaa huambiwa kuegesha ni bure. Lami si bure, ardhi ya mjini si bure, na askari wa usiku hulinda kwa mshahara, ingawa ni mdogo. Mwenye duka hana shamba la pesa. Gharama hizo atazitia katika unga na sabuni. Na wanunuzi wa unga ni akina nani? Hata Nairobi, penye motokaa nyingi kuliko mji wowote wetu, kiasi cha safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu, na nyingi za zilizobaki ni za matatu na basi. Basi yule mama aliyetembea maili mbili na kikapu chake analipia mahali pa motokaa ambayo hana. Mtu akinitoza nauli ya gari-moshi ambalo sikupanda, nitapiga kelele stesheni nzima. Hapa twatozwa kila tununuapo, nasi kimya.

Msidhani ugomvi huu wa motokaa na mti ni mgeni katika Kenya. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga ndani ya Uhuru Park jengo la ghorofa 60: makao ya chama kilichokuwa kikitawala na ya gazeti lake, na maofisi, na maduka, na mahali pa kuegesha motokaa 2,000. Marehemu Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua. Alitukanwa Bungeni, na chama chake cha kupanda miti kikatolewa katika ofisi zake. Hakuacha kuandika. Mwisho wenye fedha wa nje wakarudi nyuma, mpango ukafa.

Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens. Na bustani ile sisi wa reli tuna ujamaa nayo. A. M. Jeevanjee ndiye mkandarasi aliyeiletea reli wafanya kazi na vyakula wakati ilipokuwa ikijengwa, miaka ya 1890, kisha akawapa watu wa Nairobi bustani hiyo, ikafunguliwa mwaka 1906. Pakatokea mpango wa kujenga juu yake jengo la ghorofa, na ndani yake mahali pa kuegesha motokaa. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuipinga pamoja na raiya wengine, na Wangari Maathai akiwa upande wao. Bustani ikapona. Ni watu wangapi waliokula chakula chao cha mchana pale tangu mwaka ule, wenye kazi na watafutao kazi, wakisikiliza wahubiri na wabishi wa siasa!

Lakini angalieni tofauti. Bustani ya watu wote ina jina, na ikiguswa magazeti huandika. Kiwanja cha duka hakina jina. Hapa hukatwa mti mmoja, pale miwili, kila mara kwa ruhusa halali yenye muhuri. Hapana siku hata moja ambayo mtu angesema, leo ndiyo wametuharibia mji. Baada ya miaka ishirini utatembea toka stesheni mpaka sokoni usipate kivuli cha kufutia jasho.

Basi tufanye nini? Wengine watasema: itungwe kanuni ya kulazimisha miti, yatosha. Haitoshi, nami nitawapa mfano. Mji wa Sacramento, huko huko California, ni mahali pa joto kali. Mwaka 1983 uliweka kanuni ya kwamba miti iliyopandwa katika viwanja vya kuegesha itie kivuli nusu ya lami ifikapo miaka 15. Kanuni safi kabisa. Walipokwenda kupima baadaye walikuta kivuli ni pungufu sana. Miti ilikuwa imebanwa katika vishimo, mingine ilikatwa matawi, na katika mchoro kivuli kimoja kilikuwa kimehesabiwa mara mbili pale matawi yalipopandana.

Hapa naomba niseme kama mtu wa njia. Kazi yangu ni tuta la reli. Sisi hushindilia udongo, humwaga kokoto, hung'oa kila jani, ili pasiote kitu na maji yasikae. Chini ya lami ya kuegesha ni hivyo hivyo. Rola imepita mara nyingi mpaka mzizi hauna pa kupenya. Mtu akipanda mti katika kishimo cha madebe mawili katikati ya lami, ameupanda juu ya tuta la reli. Utaishi mpaka siku ya kupigwa picha na mgeni wa heshima, kisha utakuwa kijiti cha kufungia kamba ya nguo. Kwa hiyo mkionyeshwa mchoro msiulize miti mingapi. Ulizeni udongo kiasi gani. Ulizeni shimo lina upana gani na kina gani, maji ya mvua yataingiaje, na ni kitu gani kitakachozuia motokaa isiugonge mti kwa nyuma.

Na mvua nayo. Inchi moja ya mvua juu ya ekari moja ni kiasi cha tani 100 za maji. Wenzangu wa banda la mizigo wanaujua uzito huo kwa mabega yao. Ardhi yenye miti na majani hunywa sehemu yake. Lami hainywi, hutupa yote barabarani, na maji yakishika barabara huteremka bondeni, ambako ndiko tunakopanga vyumba. Mafuriko ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 katika nchi hii. Sisemi kiwanja cha duka ndicho kilicholeta mafuriko. Nasema kila ekari inayotiwa lami yatuletea tani zake mlangoni, na mwenye ekari halipi ndoo wala ufagio.

Mji ulioshika jambo hili vizuri, kwa niliyoyasoma, ni Seattle, Marekani ya kaskazini-magharibi. Kanuni yake ilipoanza mwaka 2007 ilishika sehemu za maduka ya mitaani. Jengo jipya lenye zaidi ya futi za mraba 4,000 za biashara, au lenye nafasi mpya za motokaa zaidi ya 20, ilikuwa lazima liwe na upandaji unaolingana na asilimia 30 ya kiwanja. Namna ya kufikia hesabu hiyo aliachiwa mjenzi. Mti mkubwa wa zamani ukiachwa hai humpa maksi nyingi, na mimea itambaayo ukutani na majani yaliyopandwa juu ya paa hupata maksi zake pia. Lakini neno kubwa ni hili: katika mageuzi yale yale walipunguza idadi ya motokaa zilizokuwa zikilazimishwa katika sehemu hizo. Hawakuongeza miti huku wakiiacha hesabu ya motokaa mahali pake. Kiwanja ni kimoja. Ukidai zaidi upande huu pasipo kupunguza upande ule, utapewa mstari wa kijani wa hatua moja, na kwa kanuni utakuwa umeridhishwa.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana wengine wako humu humu. Ndugu zetu wa teksi wanasema duka lisipokuwa na mahali pa kutosha, motokaa zitapanda juu ya njia ya miguu. Ni kweli, na twaona kila siku mbele ya benki. Mwenye duka anaogopa mteja wake atakwenda mji mwingine. Na yuko mwanachama aliyejinunulia kigari kikuukuu kwa jasho lake la miaka kumi. Kwa nini chama chake kimfanye mkosaji? Hapana, hatumfanyi. Mgonjwa na mlemavu lazima wapate mahali karibu na mlango. Lori la kushusha magunia lazima lipate pa kugeukia. Jambo ninalolipinga ni kulazimisha idadi iliyotungwa na watu wasioujua mtaa huu.

Mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, mwaka 2017 ulifuta kabisa kanuni ya kulazimisha. Motokaa hazikukosa pa kulala. Watu wa chuo walipochunguza majengo makubwa yaliyofuata, waliona karibu nusu yalitoa nafasi pungufu kuliko zile ambazo kanuni ya zamani ingelazimisha. Mengine yalitoa zile zile au zaidi, kwa kuwa wenyewe waliona wanazihitaji. Jimbo la California nalo, kwa sheria ya 2022, limeizuia miji yake isilazimishe idadi hiyo ndani ya nusu maili ya kituo kikubwa cha treni au basi, isipokuwa kwa sababu maalum. Na kiwanja chetu kiko mbali gani na stesheni? Gadi akipiga filimbi, wauza uji wanajua ni treni gani inayoondoka.

Msiseme pia ya kuwa haya ni mambo ya Wazungu tu. Nairobi, katika sera yake ya mwaka 2015 juu ya watu wa miguu na baiskeli, iliahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili yao. Ahadi ni kitu kimoja na pesa ni kitu kingine, hilo hamhitaji kufundishwa na mimi. Lakini karatasi ipo, na kaunti yetu yaweza kuulizwa yake iko wapi.

Kabla sijafika kwenye barua, neno moja juu ya kazi. Nairobi iliitwa mji wa kijani katika jua. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za mji ule tangu 1947, husifiwa mpaka leo kwa miti na maua ya barabarani, na ni haki yake. Lakini majembe na madebe ya maji yaliyashikwa na vibarua ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mti una kazi ndani yake. Miaka miwili mitatu ya kwanza wataka maji, palizi na mlinzi wa mbuzi. Kama mwenye duka ataambiwa apande, basi aambiwe pia aandike watu wa kutunza, kwa mshahara wa mwezi, si kibarua wa kuokotwa getini asubuhi na kutupwa jioni. Hilo lazima chama kiliseme, maana watu wa bustani hawatalitaja na ofisi ya mipango haitalikumbuka.

Barua tuliyoiandika haipingi duka. Duka litaleta kazi, na vijana wetu wanangoja kazi. Tunaomba nafasi za motokaa zipungue toka 80 mpaka 40. Zikipungua 40, futi za mraba 12,000 zinarudi, zaidi ya robo ya ekari, na duka halijaguswa hata tofali moja. Humo mijakaranda yote inabaki. Humo unapata njia ya miguu toka barabarani mpaka mlangoni, upana wa watu wawili na mkokoteni, chini ya kivuli. Humo unapata mahali pa wauza uji, fundi wa baiskeli na bodaboda, pamechorwa katika ramani, wasiwe watu wa kufukuzwa kila mwisho wa mwezi. Na kwa siku za msongamano mwenye duka apatane na kanisa la jirani, ambalo ua wake ni mtupu toka Jumatatu mpaka Jumamosi. Mzee wa kanisa tumekwisha mwuliza. Hakukataa, alisema tu lango lifungwe jioni.

Na kama 40 hazitatosha? Tumeandika ya kwamba sehemu moja ya ardhi ile iliyorudi iachwe na majani, isijengwe kitu. Baada ya miaka miwili ikionekana kweli haja ipo, itiwe kokoto, bila kugusa miti. Tumeomba pia mwenye duka aweke amana kwa kaunti, arudishiwe baada ya miaka mitano miti ikiwa hai. Mmoja wa wenzangu wawili aliona hilo ni gumu mno kwa mfanya biashara. Mimi naona fundi akijenga nyumba, sehemu ya malipo yake huzuiwa mpaka ionekane kwamba paa halivuji. Mti nao uwekewe dhamana hiyo.

Ofisi ikiukubali mchoro ulivyo, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inayo kamati ya kaunti ya kusikiliza rufani, nayo rufani yatakiwa ipelekwe katika siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Baada ya hapo ni mahakama ya mazingira na ardhi, na huko pana gharama, kwa hiyo tujitahidi hapa chini kwanza.

Barua iko mezani kwa Katibu. Katika zile siku 14 zimekwisha pita nane, zimebaki sita, na mojawapo ni Jumapili. Kila atiaye sahihi aandike jina lake kamili, namba ya kitambulisho, na mtaa anaokaa. Wa zamu ya usiku waweza kutia sahihi kesho kabla ya saa moja asubuhi. Katibu ameahidi kufungua mapema. Akina mama wa uji wamekubali kwenda nasi ofisini Alhamisi, na mmoja wao atasema mwenyewe, maana ana miaka kumi na mitano mahali pale na anajua wateja wake kuliko mchoro wowote. Maswali ya vipimo aulizwe ndugu yetu wa ofisi ya uchoraji, aliyekipima kiwanja kwa hatua zake Jumapili mbili. Mengine niulizeni mimi, Mwenyekiti akiruhusu.